Siku Kapita Alipokataa Beseni

"Usimuingize," alisema Mama Ernestine, akalisukuma lango la bati mpaka likagusa pua ya mnyama.

Mukalay alisimama na kamba mkononi. Mwisho wa kamba, akiwa amefungwa mguu wa nyuma kama nguruwe wote wanaotembezwa, alikuwa Kapita, dume mweusi mwenye baka jeupe begani, mrefu kufika kiuno cha mtu. Kapita hakuelewa. Alinusa mwanya ulio chini ya bati, akalipiga bati kwa pua taratibu, kama mgeni anayebisha hodi mahali anapojua kwamba chakula kimeiva. Katika mtaa wa Kanina, hapa Kolwezi, hapakuwa na ua wenye nguruwe jike ambamo hakuwahi kupokewa.

"Mama Prezidenti, ni mi," Mukalay alisema. "Nimemuleta kwa ile ngulube yako ya masikio marefu. Ulisema iko tayari."

"Ile ya masikio marefu imekufa asubuhi."

"Imekufa na nini?"

Lango lilifunguka kiasi cha uso wa mtu. Macho ya Ernestine yalikuwa makavu, lakini yamevimba. "Mufunge ku ile nguzo ya umeme, tata. Halafu uingie we peke yako. Viatu acha inje."

Mukalay aliingia pekupeku. Ua ulinuka javeli, dawa ya kuua vijidudu, na chini ya javeli palikuwa na harufu nyingine ambayo javeli haikuweza kuifunika. Nguruwe walikuwa wamelazwa kando ya ukuta, wamefunikwa turubai la bluu lisilowatosha. Miguu ilitokeza. Mahali ambapo tumbo lilionekana, ngozi ilikuwa imegeuka rangi ya biringanya.

Docteur Marlène, daktari wa mifugo, alikuwa amechuchumaa karibu nao, buti zake zimevikwa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa mpira. Alikuwa na umri wa kuweza kuwa binti yake Mukalay. Wafugaji wa Kanina walimheshimu na kumwogopa kidogo, maana hakuwa na tabia ya kumliwaza mtu kwa maneno asiyoyaamini.

"Tata Mukalay, ikala," alisema.

"Ninasimama tu, Docteur."

"Basi. Ni homa ya ngulube, ile kali ya Afrika. Haina dawa, haina chanjo. Mutu haimushike, hata akikula nyama. Lakini ngulube ikiingia ndani ya banda, banda lote linaisha."

"Kwa Mama Fifi?"

"Limeisha."

"Kwa Mama Angèle?"

Hapo Ernestine ndiye aliyejibu. "Kwa Angèle njo ilianzia. Alinunua nyama ya bei ya chini, ilitoka njia ya Dilolo. Akaosha nyama, maji akamwangia bangulube ndani ya machicha. Ye anasema maji ya nyama iko na nguvu."

Docteur alisimama, akavua glavu polepole. "Kapita alipita kwa Angèle?"

"Alipita."

"Na kutoka kwa Angèle, Kapita alienda wapi?"

Mukalay alianza kutaja nyumba. Alizijua kwa mpangilio wake, kama mtu anavyojua majina ya wanawe, yule wa kwanza na anayemfuata. Kila alipotaja jina, Ernestine alitikisa kichwa kidogo kukubali. Mwanzoni Mukalay alidhani anamsaidia kukumbuka. Kisha akaelewa kwamba anakubali kitu kingine, kwamba huko nako nguruwe wamekufa, akaacha kabla orodha haijafika mwisho.

"Na beseni?" Docteur aliuliza.

Ernestine aliinama, akalivuta turubai lifunike mguu uliotokeza.

Wanawake wa Kanina walikuwa na ushirika wao, na Ernestine ndiye aliyekuwa mkubwa wake. Kila mmoja alifuga jike mmoja au wawili nyuma ya nyumba, akiwalisha machicha yanayobaki baada ya kuchuja munkoyo, kile kinywaji cha mahindi walichouza sokoni. Hakuna aliyefuga dume. Dume hula kama askari wawili na hazai. Kwa hiyo wote walimtegemea Mukalay, ambaye aliishi kwa kumtembeza Kapita ua kwa ua, na malipo yake yalikuwa kitoto kimoja katika kila uzao, akichagua mwenyewe.

Lakini Mukalay hakukubali Kapita aingizwe bandani kimyakimya kama mwizi. Alitaka apokewe. Dume akifika, alitengewa beseni la machicha yenye chumvi, akala kwanza, watu wakimtazama. Na alichobakiza alipelekewa jike papo hapo, ndani ya beseni lilelile, kwa sababu ilisemwa kwamba jike akila mate ya dume mimba haitoki. Nani alianza kusema hivyo? Wanawake walisema ni desturi. Mukalay alijua kwamba mahali ambapo beseni halikuwekwa, yeye aligeuza kamba na kwenda zake, na desturi zikakua kwa njia hiyo.

"Ni mambo ya zamani, Docteur," Ernestine alisema haraka. "Hata bamama yetu balifanya."

Mukalay alijua kwamba Ernestine anamfunika nguo mbele ya mgeni, na ilimuuma zaidi kuliko kama angemtukana.

"Kapita anakula bado?" Docteur aliuliza.

"Anakula kama jeshi."

"Ile haisemi kitu. Homa inaweza kukaa ndani mbele ya kujionyesha. Tata, sikiliza. Kesho asubuhi bamama banachimba shimo nyuma ya kiwanja cha mupira. Kila mutu analeta yenye ilibakia, muzima na mugonjwa. Hakuna kumwanga damu, hakuna kukata hata kipande, hakuna kuuza. Na Kapita vilevile."

Nje, Kapita alikuwa akijikuna kwenye nguzo, na nyaya zilitoa mlio mdogo.

"Nitamuleta mi mwenyewe," Mukalay alisema.

"We mwenyewe," Ernestine alirudia, kama mtu anayefunga fundo.

"Mi mwenyewe. Kapita hakokotwi na batu."

Walimwamini. Hakuna aliyetumwa kumfuata, wala Docteur hakumwambia mtu amlinde.

Nyumbani alimwogesha. Alimsugua mgongo kwa gunzi la mahindi mpaka vumbi jekundu likatoka, akampaka mafuta ya mawese nyuma ya masikio, mahali ambapo upele hupenda kuanzia. Mkewe, Micheline, alikuwa akisonga bukari, ugali wa huku, jikoni, na alimtazama kupitia mlango.

"Mutu wa kuzikwa kesho," alisema, "unamupaka mafuta ya nini?"

Mukalay aliendelea kusugua.

"Mukalay."

"Mudogo wangu Mukuna iko Nzilo."

"Mi najua Mukuna iko Nzilo. Na Mukuna iko na ngulube yake."

"Kapita haiko mugonjwa. Si unamuona anakula?"

"Ninamuona. Docteur alisema nini?"

"Docteur ni mutoto."

"Ni mutoto njo alisema," Micheline alijibu, "lakini bangulube ya Ernestine ilikuwa bakubwa, na imekufa vilevile." Alizungusha mwiko mara ya mwisho, akaufuta ukingoni mwa sufuria. "Bakikuya kuniuliza, niseme nini?"

"Sema haujui."

"Hawataamini. Mi najuaka mambo yako yote, Kanina yote inajua vile."

Hakumkataza. Ingekuwa afadhali angemkataza. Alimwekea bukari na matembele, akaketi upande wa pili wa meza, na wakala kama watu walio msibani, kila mmoja akiangalia tonge lake.

Mukalay alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya migodi tangu ujanani, kwenye mikanda ya kubebea mawe, hadi siku waliposomewa majina ya wasiohitajika tena. Miaka yote hiyo alimwona mtu mwingine akifanywa kapita, kiongozi wa kikosi, mwenye kofia ya rangi tofauti, na kila mara aliambiwa kwamba zamu yake inakuja. Alipompata dume huyu, akiwa mdogo wa kubebwa kwenye gunia, alimpa jina ambalo hakupewa yeye. Kumkuza dume namna hii kunataka miaka. Mukalay alikuwa akifahamu miaka aliyobaki nayo, na alikuwa akifahamu pia mlango gani ungemfungukia katika Kanina akitembea mikono mitupu.

Kabla jua halijapanda alishika barabara ya Nzilo.

Kapita alitembea vizuri mwanzoni. Mukalay alimfuata kwa nyuma, kamba mkono wa kushoto, fimbo mkono wa kulia, na kila fimbo ilipomgusa ubavuni dume alijua upande wa kugeukia bila kupigwa. Walipita Kingamyambo, pale ambapo mchanga wa migodi uliokwisha kuoshwa umelala mweupe kama uwanja usio na nyasi, na malori yaliyofunikwa maturubai yalipita yakiwamwagia vumbi. Dereva mmoja alipunguza mwendo akachungulia.

"Tata, unapeleka muke wako wapi?"

"Ye ni bwana, ninamupeleka kwa bibi yake. Mama yako alisema atangojea palepale."

Dereva alicheka mpaka akapiga honi. Mukalay naye alicheka, na kwa muda mfupi asubuhi ilikuwa kama asubuhi nyingine yoyote.

Simu ilianza kulia jua lilipopanda. Aliiangalia: Mama Ernestine. Aliirudisha mfukoni, ikaendelea kutikisika pajani kama nyuki ndani ya chupa, ikanyamaza, ikaanza upya. Alijua wako kiwanjani. Alijua kwamba shimo liko wazi na wanawake wamesimama kando yake na wanyama wao, na kwamba Ernestine anawaambia, anakuja, alisema atamleta mwenyewe.

Alipoona banda la nguruwe karibu na barabara, alizunguka mbali kupitia majani makavu, ili Kapita asinusane na nguruwe mwingine. Alifanya hivyo kila mara bila kukosa. Alijiambia kwamba mtu mwenye tahadhari namna hiyo si mtu mbaya.

Kisha Kapita akaanza kupumzika. Alisimama kwanza kwenye kivuli, akasimama tena mahali pasipo na kivuli. Mukalay alimmwagia maji ya dumu mgongoni, kama afanyavyo siku zote za joto, akasema ni jua. Kwenye kidimbwi dume alilowesha pua tu, hakunywa. Mukalay akasema ni maji ya vumbi, Kapita amezoea maji safi.

Alikuwa akitazama miguu ya Kapita, wala hakuiona nyumba mpaka mwenye nyumba alipomwona yeye.

"Tata. Tata wa ngulube. Simama kwanza."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imelowa maji ya mihogo, amekuja mbio mpaka barabarani. Alimtazama Kapita kuanzia puani hadi mkiani, na uso ukamfunguka.

"Mi najua ule," alisema. "Dada yangu anakaa Kolwezi, alinionyesha foto. Si njo Kapita?"

Mukalay alipaswa kusema siye. "Njo ye," alisema.

"Jina yangu Laurentine. Tata, Mungu njo amekuleta. Ngulube yangu inalia tangu juzi, haikule, inapanda ukuta. Dume ya huku walikula ku arusi ya mutoto wa katekista. Sasa mi nitafanya namna gani? Iko moja tu. Shamba yangu ya mihogo, batu ya mugodi walizungusha na waya, wanasema kuko mawe chini, walinipatia kitu kidogo, njo nilinunua ile ngulube. Uniitikie, tata. Kitoto utachagua we mwenyewe, nusu ya uzao kama unataka."

"Niko na safari, mama."

"Safari itangojea. Hata bwana arusi anapumuzikaka."

Kutoka nyuma ya nyumba jike alilia, ule mlio mrefu unaokatika na kuanza tena. Mukalay alimtazama Kapita. Siku nyingine, kwa mlio kama huo, angekuwa ameshaburutwa na kamba hadi bandani, na povu jeupe lingekuwa limejaa mdomoni mwa dume. Kapita alikuwa ameinamisha kichwa. Amechoka tu, Mukalay alifikiri. Akipata pa kupumzika ataamka. Na tena palikuwa na jambo jingine, dogo na la aibu: tangu jana, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumfungulia lango.

Akaingia.

Jike alikuwa mzuri, mrefu wa mgongo, mwenye chuchu zilizopangika sawasawa. Mukalay alifanya kama alivyofanya katika nyua zote. Aliingia bandani, akaweka viganja viwili juu ya kiuno cha mnyama, akakandamiza kwa uzito wake. Jike alikuwa akirukaruka. Alipohisi uzito alisimama ghafla, masikio wima, miguu imekaza kama meza. Yuko tayari. Asingeweza kuwa tayari zaidi ya hapo.

Alipogeuka, Laurentine alikuwa amekwisha kuliweka beseni. Lilikuwa jekundu, jipya, na machicha yalikuwa moto bado, chumvi imenyunyizwa juu.

"Mi najua namna inafanyiwa," alisema kwa fahari. "Dume kwanza. Yenye atabakisha ni ya bibi, mimba isitoke."

Kapita alipeleka pua kwenye beseni. Alipuliza, machicha yakafanya tundu dogo. Akasimama hivyo, kama mtu anayesoma neno ambalo amelisahau. Kisha akatoa pua, na uzi mrefu wa mate ukabaki kati ya mdomo wake na chakula, ukavutika, ukakatika ndani ya beseni.

Tangu alipotoka guniani, Kapita hakuwahi kukataa beseni.

Mukalay alipiga magoti. Alishika sikio, likamchoma kiganja kama mpini wa sufuria. Alimlaza kidogo upande, akapangusa vumbi tumboni kwa mkono, akapangusa tena. Chini ya vumbi, ndani ya weusi wa ngozi, kati ya mapaja, palikuwa na mabaka. Alikwisha kuiona rangi ile jana, chini ya turubai la bluu.

"Hana njaa," Laurentine alisema. "Si kitu. Aligusa, inatosha." Akainama, akachukua beseni kwa mikono miwili, akageuka kuelekea bandani.

Mukalay hakukumbuka baadaye kama alisema neno lolote. Alikumbuka fimbo yake ikipiga mikono ya mwanamke, beseni likiviringika, machicha yakimwagika juu ya miguu yao. Kuku walikimbilia na yeye akawafukuza kama mwendawazimu.

Laurentine alisimama ameshika mkono uliopigwa. Hakulia. "Tata, nimekukosea nini?"

Ikabidi amwambie. Alimwambia yote, kwa sentensi fupi, akitazama chini: Angèle, Fifi, Ernestine, turubai, shimo, alichosema Docteur, alichosema yeye. Laurentine alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua," alisema.

"Sikujua kama ye yuko nayo."

"Ulijua ile ya kutosha. Na ulipita hapa."

"Nilipita."

"Ulishika ngulube yangu. Na ile mikono."

Mukalay aliitazama mikono yake. Ilikuwa na mafuta ya mawese, vumbi, na mate ya Kapita. Kule bandani, juu ya kiuno cha jike, alama za viganja viwili zilionekana wazi, zinang'aa. Hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amezunguka kila banda la njiani, kisha akaingia katika hili na mikono hiyo.

"Leta javeli, mama," alisema. "Leta sabuni, jivu, yote iko ndani. Umuoshe ule mugongo. Mi siwezi kuingia tena."

Laurentine aliosha. Mukalay alisimama mbali akisikiliza maji yakimwagwa, na jike akilia kumwita dume ambaye hakuitika.

Karibu na nyumba, ng'ambo ya barabara, vijana wanne walikuwa wakichimba mawe ya madini kando ya waya wa mgodi, bila ruhusa ya mtu, kama wanavyochimba wenzao kila mahali. Walikuwa wameona yote. Mkubwa wao aliitwa Stany, mtu wa Kasai kwa lafudhi, mwembamba, mabega ya mviringo kwa kupita kwenye mashimo membamba. Alikuja na nyundo ya kuvunjia mawe begani.

"Tata, tumesikia. Unatafuta shimo."

"Ninatafuta shimo la kupita kimo cha mutu. Sina ya kuwalipa."

"Tutachimba bure."

Walichimba haraka kuliko Mukalay alivyowahi kuona watu wakichimba. Udongo mwekundu uliruka, kisha ukatoka udongo wa kijivu wenye mawe, na mmoja wao akaokota jiwe, akalitazama kwenye mwanga, akalitupa. Walitaniana. Walipofika kiunoni wakasimama.

"Inatosha," Stany alisema.

"Haitoshi."

"Ni ngulube, tata, si askofu."

"Endelea kuchimba."

Waliendelea kidogo, bila haraka sasa, na Mukalay akaelewa kwa nini walikuwa wakichimba bure.

"Hii nyama haikuliwe," alisema.

Stany aliegemea sepeto. "Mutu akikula, anakufa?"

Angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno jepesi, na lingemaliza maneno. Lakini tangu jana alikuwa amekwisha kusema uongo wa kutosha. "Mutu hafi," alisema. "Lakini atatembea nayo. Ataosha nyama, maji yatamwangika, mufupa utatupwa, na ngulube ya mutu mwingine itaokota. Itafika Nzilo. Itafika kila mahali."

"Mi sina ngulube, tata. Hawa vilevile hawana. Juzi tulikula bukari na chumvi." Hakusema kwa ukali. "Sisi tunashukaka chini kwenye hakuna hewa, mwenzetu alibakia kulekule mwezi uliopita, hakuna mutu alituambia, musishuke, mutaharibisha. Leo nyama ya kilo na kilo inazikwa mbele ya macho yetu, na tunaambiwa tufikiri ngulube ya batu."

Mukalay aliomba nyundo.

Kapita alikuwa amelala kwenye rundo la udongo mbichi, akifuata ubaridi. Mukalay alifungua kamba mguuni, akamwinua kwa maneno, bila fimbo, mpaka ukingoni. Dume alisimama pale alipoambiwa. Alikuwa hajawahi kupigwa kichwani na hakuona sababu ya kuinua macho. Docteur alisema bila kumwaga damu. Mukalay alipiga kwa upande bapa, juu kidogo ya macho, mara moja, kwa nguvu zote zilizobaki mabegani mwake. Ilitosha. Mnyama aliingia shimoni mwenyewe, na sauti aliyoanguka nayo ilikuwa ndogo kuliko ukubwa wake.

Laurentine alileta jivu la jikoni, akalimwaga juu ya mzoga bila kumtazama Mukalay, akatupia na beseni jekundu. Walifukia. Kisha simu ikalia tena, na safari hii Mukalay aliipokea.

"Nimemuzika," alisema.

"Wapi?" Sauti ya Ernestine ilikuwa imechakaa. Nyuma yake wanawake walikuwa wakisemezana.

"Njia ya Nzilo."

"Ulikuwa unamupeleka wapi, tata?"

"Kwa Mukuna."

Alimsikia akivuta pumzi, akamsikia mmoja wa wanawake akiuliza, anasema nini, anasema nini. "Sisi tulikungojea," Ernestine alisema. "Nilikataa wafunge shimo. Niliwaambia, ule ni Mukalay." Kisha simu ikakatika.

Alirudisha simu mfukoni. Jua lilikuwa limeshuka, malori yamewasha taa. Vijana hawakurudi kwenye mawe yao wala hawakuondoka. Waliketi ng'ambo ya barabara, wamepanga masepeto yao chini, mmoja akigawa sigara kwa wengine, na hawakuwa na uadui wowote usoni. Walikuwa wakingoja, kama watu waliozoea kungoja zamu.

Mukalay alipanda juu ya kifusi, akaketi, ili asije mtu kumfukua Kapita.

Laurentine alimwekea kikombe cha maji chini, mbali na nyumba, akarudi ndani akafunga mlango. Bandani jike alilia, akanyamaza. Mukalay alisikiliza ule unyamavu kwa makini, kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa, mpaka jike akalia tena.

Giza lilipoanza kuingia, Stany alitoa mfukoni taa ya kichwani, ile wanayoshukia nayo mashimoni, akaifunga kwenye paji la uso. Aliijaribu. Mwanga mdogo ulivuka barabara, ukapita juu ya udongo mpya, ukafika kwenye miguu ya mzee, ukasimama hapo. Mwingine akawasha yake. Na wa tatu. Mukalay alizisukuma nyayo zake ndani ya udongo, polepole, mpaka vifundo vikafunikwa.